Baiskeli katikati ya Mallorca: namna ya kuzipata njia zisizo na magari

Wengi wanaokwenda na baiskeli Mallorca, kisiwa cha Hispania kwenye Bahari ya Mediterania, huenda kutafuta milima. Safu ya Serra de Tramuntana imejipanga upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa, ina barabara maarufu ya Ma-10 na ile inayoteremka hadi Sa Calobra ikijikunja kama nyoka, na msimu ukifika waendesha baiskeli hugombania lami hiyo na mabasi ya watalii. Ni pazuri, wala sibishi. Ila mimi moyo wangu ulibaki uwandani, sehemu ya katikati ya kisiwa inayoitwa Pla de Mallorca. Huko kuna vijiji vya mawe ya rangi ya mchanga, mashamba ya milozi na mizeituni, na vijia vya lami vyembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana, moja lazima lirudi nyuma. Asubuhi ya kawaida unaweza kupiga pedali nusu saa nzima usisikie kitu isipokuwa mnyororo wako na kengele za kondoo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu anayeweza kukaa juu ya baiskeli saa tatu au nne bila shida, lakini hajawahi kuipanga safari ya namna hii. Wasomaji wengi wa Kiswahili walioko Ujerumani, Uholanzi au Uingereza wana wiki moja tu ya likizo, na kwao Palma, mji mkuu wa kisiwa, ni karibu kwa ndege. Anayetoka Dar, Nairobi au Kampala anahitaji kwanza viza ya Schengen, na hiyo isiachwe hadi mwezi wa mwisho. Hata anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya, kibali chake cha huko hakimfikishi Hispania. Naye aombe viza hiyo hiyo.

Anza na mwezi

Mwishoni mwa Januari na katika Februari milozi huchanua, mashamba mazima yakawa meupe yenye wekundu wa mbali, na barabara hazina watu. Lakini asubuhi ni baridi ya kuhitaji glavu, na siku ni fupi. Machi hadi katikati ya Mei ndio wakati ninaoupendekeza: majani ni mabichi, maua mekundu ya mipopi yamejaa kando ya kuta, na jua halijawa kali. Mwisho wa Septemba na Oktoba nao unafaa, zabibu zikiwa zimevunwa au zinavunwa upande wa Binissalem, mji mdogo wa mizabibu, ingawa mvua za vuli huko zikija huja kwa kishindo na kuacha tope jekundu linaloteleza kama sabuni. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30, na uwandani hakuna kivuli cha kujificha. Ukilazimika kwenda miezi hiyo, toka jua linapochomoza, kama saa kumi na mbili na nusu, na uwe umeiegemeza baiskeli ukutani kabla ya saa tano.

Neno la kweli kuhusu milozi: mwaka 2016 iligundulika kisiwani bakteria iitwayo Xylella fastidiosa, na tangu hapo miti mingi imekufa. Utapita mashamba mazuri kisha ghafla shamba la miti mikavu, ya kijivu, imesimama safu kwa safu. Inaumiza kuiona, hasa ukijua mkulima aliirithi kwa babu yake.

Watu wa pwani wataelewa haraka habari ya upepo, maana kama sisi tulivyo na kaskazi na kusi, wao pia wanaziita pepo zao kwa majina. Tramuntana hutoka kaskazini, llebeig hutoka kusini-magharibi, na embat ni ule wa baharini unaoanza kuvuma mchana siku za joto. Kanuni ni moja: toka ukiukabili upepo, urudi ukiwa mgongoni. Ukifanya kinyume, utafurahia kwenda, halafu kilomita kumi za mwisho zitakumaliza.

Lala panapofika treni

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kukodi chumba ufukweni, kisha kila asubuhi akatumia saa nzima kwenye barabara yenye magari kabla hajafika kwenye utulivu alioufuata. Kuna njia mbili bora. Ya kwanza ni kulala Sineu, katikati kabisa ya uwanda, ambako njia ndogo zinaanzia mlangoni. Ya pili ni kulala Palma na kupanda treni. Treni hutokea kituo kilicho chini ya Plaça d'Espanya, hupita Santa Maria, Binissalem na Inca, kisha reli hugawanyika: tawi moja huenda Sa Pobla na jingine huenda Manacor, likisimama Sineu, Sant Joan na Petra. Baiskeli inaruhusiwa nafasi ikiwepo, kwa hiyo epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini, na ukiwa kundi la watu sita msitegemee kuingia nyote behewa moja.

Jumatano uifikirie mara mbili. Ni siku ya soko la Sineu, soko ambalo historia yake hufuatiliwa hadi mwaka 1306, na mpaka leo huuzwa humo mifugo, mboga na vyombo. Kama unataka kuliona soko, nenda na uende kwa miguu. Kama unataka njia tulivu, siku hiyo uwe upande mwingine wa uwanda, kwa kuwa asubuhi magari yote yanaelekea huko.

Ikague baiskeli kabla hujalipa

Maduka ya kukodisha ni mengi kisiwani, na kukodi kwa wiki hutoka nafuu kuliko siku moja moja. Omba baiskeli ya barabarani yenye tairi za upana wa milimita 28 au zaidi. Nyembamba zaidi ya hapo zitakutikisa mifupa kwenye vijia vya zamani vyenye viraka vya lami. Omba pia gia nyepesi ya kupandia, kwa sababu jina la uwanda lisikudanganye: vijiji vingi vimejengwa juu ya vilima, na kila kikombe cha kahawa utakilipia kwa mpando.

Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Zungusha kila gurudumu uangalie kama linayumba. Badilisha gia zote ukiwa bado mlangoni. Uliza breki ya mbele iko mkono upi, maana Hispania mara nyingi ni mkono wa kushoto, na kama umezoea kinyume chake, fanya mazoezi kwenye uwanja mtupu kabla ya kwenda barabarani. Piga picha mikwaruzo yote iliyokuwepo.

Halafu fungua kifurushi cha vifaa, usipokee tu. Duka moja lilinipa tyubu ya akiba yenye mdomo mfupi, haufiki hata nje ya rimu. Niligundua hilo nikiwa kati ya vijiji vya Sencelles na Costitx, pancha imeshatokea, na siku nzima sijaona gari. Ilinibidi niikarabati tyubu ya zamani. Hapakuwa na maji ya kuizamisha, basi nikaijaza upepo na kuipitisha polepole karibu na midomo. Midomo husikia pumzi ndogo ambayo kidole hakiisikii. Tundu likapatikana, nikalisugua kwa msasa, nikapaka gundi, nikasubiri ikauke mpaka haishiki kidole, ndipo nikabandika kiraka. Kisha nikapitisha kidole ndani ya tairi taratibu na kuukuta mwiba, mweusi, mfupi kuliko punje ya mchele, bado umesimama pale pale. Nisingeuondoa, kiraka kingekuwa kazi bure. Miiba hiyo humwagika njiani wakulima wanapokata vichaka vya kando ya kuta, kwa hiyo ukiona matawi mabichi yaliyokatwa, shuka uibebe baiskeli hatua ishirini. Beba tyubu mbili ulizozijaribu mwenyewe, viraka, gundi, pampu, na vijiti vya kutolea tairi.

Upande wa kulia

Hispania watu huendesha kulia. Kwa anayetoka Congo, Rwanda au Burundi hilo si geni. Kwa sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda hatari haipo unapoanza safari, maana hapo uko macho. Hatari iko saa mbili baadaye, unapotoka kwenye kijia kitupu na kukunja kona kwa mazoea. Kila unapoanza upya, baada ya kunywa maji au kupiga picha, sema kwa sauti: kulia. Na kwenye mizunguko, ile tunayoiita kipilefti, jina lenyewe litakupotosha. Huko unaingia ukielekea kulia na kuzunguka kinyume cha mishale ya saa, ukiwapisha walio ndani.

Helmeti ni lazima nje ya miji. Simu mkononi na visikizio masikioni ni marufuku. Gari likikupita lazima liache nafasi ya angalau mita 1.5, na ninyi mnaruhusiwa kwenda wawili sambamba, ila kwenye vijia vyembamba jipangeni mmoja mmoja mnaposikia gari nyuma. Kiwango cha pombe kilichowekewa madereva kinamhusu pia mwenye baiskeli. Usiku nje ya mji unahitaji taa mbele na nyuma pamoja na vazi linaloakisi mwanga. Namba ya dharura ni 112.

Upande wa Manacor hasa, utakutana na farasi wanaofanyishwa mazoezi ya mbio, wakivuta kigari chepesi cha magurudumu mawili. Punguza mwendo ukiwa mbali na useme neno, hata "bon dia" tu, yaani habari za asubuhi, ili farasi asikushtukie. Mwenye farasi atainua mkono, na mtaachana kwa amani.

Soma namba za barabara

Hii ndiyo siri yenyewe ya kupata utulivu. Barabara za Mallorca huanza na herufi Ma, kisha namba. Zenye tarakimu moja au mbili ni kubwa: Ma-13 ya Palma kwenda Inca na Alcúdia, Ma-15 ya Palma kwenda Manacor, Ma-19 ya kusini. Hizo ziepuke, na sehemu zilizo barabara kuu za kasi baiskeli haziruhusiwi kabisa. Zenye tarakimu nne huunganisha vijiji na nyingi zinafaa. Lakini tulivu kuliko zote hazina namba, zina jina tu linaloanza na Camí, yaani njia: njia ya zamani ya kwenda kijiji fulani, njia ya kisima, njia ya shamba la fulani.

Usiku kabla ya safari, fungua ramani ya simu, tafuta mstari mwembamba unaoenda sambamba na barabara yenye namba, kisha itazame kwa picha ya setilaiti. Ukiona kijivu, ni lami. Ukiona kahawia, ni vumbi na mawe. Ipakue ramani yote isomeke bila intaneti. Programu za simu hupenda kukupitisha kwenye njia za mashamba ya watu, kwa hiyo jifunze maneno machache ya Kikatalani yatakayokuwa kwenye vibao: "privat" ni mali binafsi, "tancat" ni pamefungwa, "sense sortida" njia haina kutokea. Ukikuta geti na kibao cha namna hiyo, geuza, hata kama simu inasisitiza.

Njia ya kwanza: Sineu, Maria, Ariany, Petra

Ningekuwa na siku moja tu, ningepita hapa. Ni kilomita 30 hivi, karibu 40 ukiongeza mpando wa Bonany.

Toka Sineu kuelekea Maria de la Salut, kaskazini-mashariki. Ukishaacha nyumba za mwisho, kuta za mawe zitakukumbatia pande zote mbili. Zitazame kwa karibu: hazina saruji wala udongo, ni mawe yaliyochaguliwa na kupangwa moja moja mpaka yakashikana kwa uzito wake. Ufundi huo UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2018, kwa Hispania pamoja na nchi nyingine kadhaa za Ulaya. Kwa mwenye baiskeli zina faida ya pili: hukinga upepo. Kwenye kijia chenye ukuta wa kufika kifuani, inama kidogo na utasikia tofauti mara moja.

Maria hadi Ariany ni mwendo mfupi wa kupanda na kushuka. Ukifika juu ya Ariany simama ugeuke. Milima ya Tramuntana imekaa kule ulikotoka, samawati, na ndipo utaelewa ulivyo mbali na msongamano wake. Kutoka hapo teremka hadi Petra.

Petra jipe saa nzima. Uwanja wake wa katikati una meza nje, na asubuhi kuta zote zimeegemezwa baiskeli. Hapa ndipo alipozaliwa Junípero Serra mwaka 1713, padri Mfransisko aliyekwenda kuanzisha misheni California na kutangazwa mtakatifu mwaka 2015, jambo ambalo wazawa wa asili wa huko California hawakulipokea wote kwa furaha, kwa yale yaliyowapata babu zao ndani ya misheni hizo. Kwenye kichochoro cha kuelekea konventi, nyumba ya watawa, kuna picha za vigae zinazoonyesha misheni hizo. Tembea hapo ukiiburuta baiskeli.

Miguu ikiwa bado ina nguvu, panda Bonany, kilima cha mita 317 chenye kanisa dogo juu, kilomita kama 4 kutoka Petra. Barabara hupita kwenye misonobari na mwishoni huwa kali. Jina lake maana yake "mwaka mwema", nalo huhusishwa na mvua iliyokuja baada ya ukame mwanzoni mwa karne ya 17. Kutoka Petra rudi kwa njia za nyuma hadi Sant Joan, kisha Sineu. Ukichoka, treni iko Petra kwenyewe.

Njia ya vijiji vya "Bini"

Shuka treni Santa Maria, pita Santa Eugènia, Biniali, Sencelles na Costitx, kisha rudi kupitia Biniagual hadi Binissalem na upande treni hapo. Ni kama kilomita 30, na hakuna mpando wa kutisha.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa na furaha ya pekee kwenye njia hii. Hiyo "Bini" inayoanza majina ya vijiji ni Kiarabu, bani, yaani wana wa fulani, kama vile kwetu ukoo unavyotajwa. Waislamu walikitawala kisiwa tangu mwanzoni mwa karne ya 10 hadi mwaka 1229, na maneno yao yamebaki ardhini. Birika la kuvunia maji ya mvua, utakaloliona kando ya njia, huitwa aljub. Tunda la mzeituni kwa Kihispania ni aceituna, neno lile lile lililotufikia sisi kama zeituni. Biniagual ni nyumba chache tu zilizozungukwa na mizabibu. Ingia polepole, kuna watu wanaishi hapo.

Maji, mkate na saa za kufunga

Beba chupa mbili. Maduka ya vijijini hufunga kama saa saba na nusu mchana hadi saa kumi na moja hivi, na Jumapili mengi hayafunguki kabisa. Kwenye bomba la uwanjani angalia kibao. "No potable" maana yake usinywe.

Chakula kinachomfaa mwenye baiskeli ni pa amb oli: vipande vya mkate mzito vilivyosuguliwa nyanya, vikamwagiwa mafuta ya zeituni na chumvi. Huletwa na nyama au jibini, na kwa wasiokula nguruwe ni vyema kutamka wazi "amb formatge", pamoja na jibini. Sobrassada, ile soseji nyekundu, ni ya nguruwe. Wengi hawajui kwamba hata ensaïmada, mkate mtamu uliosokotwa kama gamba la konokono, jina lake linatokana na saïm, mafuta ya nguruwe, na ndiyo yanayotiwa ndani. Kwa hiyo Mwislamu asiukubali kwa sura yake. Matunda, lozi na mkate wa kawaida vinatosha kumfikisha.

Ukitaka kupanda: Cura

Siku ya tatu au ya nne, miguu ikishazoea, toka Sineu upite Lloret de Vistalegre na Montuïri hadi kijiji cha Randa, kisha upande Puig de Randa, kama mita 540 juu ya bahari. Kwenda na kurudi ni kilomita 50 na ushee. Karibu na Montuïri utaivuka Ma-15. Hapo ndipo mahali pekee pa kelele siku nzima, vuka kwa subira.

Mpando wenyewe ni kama kilomita 5, mwinuko wa wastani karibu asilimia 5. Anza na gia nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji, pumua kwa pua kilomita ya kwanza, na usimfuate mtu anayekupita. Juu kuna Santuari de Cura, mahali patakatifu pa Wakristo, kwenye mlima ambako Ramon Llull, mwanafalsafa wa Mallorca, alijitenga kutafakari katika karne ya 13. Llull alijifunza Kiarabu na kuandika kwa lugha hiyo pamoja na Kikatalani na Kilatini. Kuna mkahawa, na kuna ukuta wa kuegemea unaoonyesha uwanda wote, vijiji vyote ulivyopita ukivihesabu kwa minara yake.

Vaa koti jepesi kabla ya kushuka, maana jasho hupoa haraka. Bana breki kisha achia, bana kisha achia, usizishikilie mfululizo zikapata moto. Jaza chupa Randa. Kuelekea Montuïri jua la alasiri litakuwa mgongoni, na vinu vya zamani vya upepo utaviona juu ya kilima muda mrefu kabla hujavifikia.